Kadi Imo, Mashine Haiioni

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa blanketi na daftari. Blanketi nililielewa papo hapo. Daftari lilikaa juu ya kabati wiki tatu, mpaka mke wangu, Mama Joisi, aliponiambia kwamba kama sina la kufanya, banda la kuku halijasafishwa. Ndiyo maana naandika. Mkiona kurasa zinarefuka, jueni banda bado ni chafu.

Habari za vyeo nazipita. Nilianza nikiitwa fundi, baadaye nikaitwa fundi mwandamizi, na tofauti niliyoiona ni kwamba nilianza kulaumiwa kwa sauti ya chini. Mshahara nao tuuache upumzike. Haukuwahi kuwa na afya nzuri.

Niliingia kazini na cheti cha kidato cha nne, cha daraja ambalo nilikuwa nalitaja haraka haraka ili anayeuliza asilisikie vizuri. Wakati huo karakana ilikuwa tawi la shirika la umma, tukitengeneza taipureta za maofisi yote ya mkoa. Nililipenda tawi lile kwa sababu moja kubwa ya kitaaluma: lilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwetu Mandewa, hapa hapa Singida. Mchana nilikuwa nakwenda nyumbani, nakula ugali wa mtama na mlenda, najinyoosha kidogo, narudi. Wenzangu walikuwa wanaota kuhamishiwa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa naota wasinione.

Aliyenipokea ni Mzee Njiku, fundi mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka mikono nyuma."

Nikaiweka. Akaweka taipureta mezani, akaanza kuibonyeza. "Unasikia nini?"

"Nasikia inaandika, mzee."

"Hiyo hata kiziwi angesema. Sikiliza tena."

Asubuhi nzima nilisimama mikono nyuma kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Kufika saa sita nikasema herufi moja inatoa mlio mfupi kuliko nyingine. Mzee Njiku hakunisifu. Alinipa bisibisi, na kwake hiyo ilikuwa sherehe nzima. Alikuwa na neno moja analolirudia kila siku: mashine ikwambie kwanza, ndipo na wewe uiambie. Nililiandika kwenye kumbukumbu vizuri sana, kisha nikalivunja kwa miaka mingi mfululizo.

Kikaja kipindi cha soko huria. Shirika likauzwa, tukaingia kazini asubuhi moja tukakuta tuna tajiri, dawati ni lile lile na kiti kilichovunjika ni kile kile. Mjini ikawa kila kitu ruksa. Mitumba ya nguo ikaleta na ndugu zake, mitumba ya kompyuta. Miradi nayo ikamwagika mkoani kama mvua tuliyokuwa tunaiomba shambani, na kila mradi ulikuja na gari jeupe, meneja, na laptopu. Siku hizi naambiwa jina lake ni kompyuta mpakato. Sisi tuliiita laptopu, na yenyewe haikulalamika. Mzee Njiku aliletewa ya kwanza, akaigeuza juu chini, akauliza, "Hii inafunguliwa wapi?" Mwezi uliofuata alistaafu, akaenda kufuga nyuki Itigi. Mimi nikabaki kuwa mtaalamu wa kompyuta wa karakana nzima, kwa sifa ya kuwa ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na meza hiyo.

Sasa nisikilizeni, maana nyie mmezaliwa intaneti ikiwa hewani. Laptopu zile zilikuwa na tundu ubavuni, jembamba, upana kama wa kadi ya kliniki. Humo unasukuma kadi ya chuma. Ukitaka kupiga simu kwa kompyuta ili utume barua pepe, unaweka kadi ya modemu. Ukitaka kuziunganisha mashine mbili, unaweka kadi ya mtandao. Kadi ikiingia vizuri, mashine inalia mara mbili, ti-ti, kama kifaranga aliyeona chakula. Ikilia mara moja tena kwa sauti nzito, maana yake imeiona kadi ila haielewi ni kitu gani. Hapo ndipo unatafuta disketi ya draiva, ile programu ya kuitambulisha kadi kwa mashine. Ikikaa kimya kabisa, haijaiona. Kwa mashine iliyokaa kimya, draiva ni sawa na kumsomea gazeti mtu ambaye hajafika.

Mnaona jambo lilivyo rahisi. Mimi lilinichukua miaka miwili. Mteja akisema "kompyuta haiioni kadi," nilikuwa nakimbilia disketi. Nikimaliza draiva nafuta mfumo wote, naupandisha upya, saa nne zinakwenda, feni inavuma, mteja ananitazama kwa heshima. Mwisho tundu linakuwa na ukoko wa vumbi ambao ningeuona kama ningeinama.

Nakumbuka zahanati moja ya Kintinku. Nilisafiri kwa manung'uniko makubwa, maana safari ile ililazimu kulala huko, na mimi nikilala kitanda kisicho changu nahesabu mabati. Mganga alisema kadi mpya haionekani tangu siku ya kwanza. Nikapandisha draiva mara tatu. Mara ya nne nikaichomoa kadi niitazame: ilikuwa imevikwa nailoni yake ya dukani, imebanwa safi kabisa, imekatwa pembeni kwa wembe ili ipite tunduni.

"Daktari, hii nailoni?"

"Naitunza, fundi. Kitu kipya unakivua nguo siku ya kwanza?"

Sikucheka. Rimoti ya redio yetu nyumbani ilikuwa na nailoni mbili.

Kuna desturi nyingine niwaambie, maana ndiyo iliyoniponza. Mteja wetu wa Singida wakati ule haamini kwamba fundi amefanya kazi kama hajafungua. Ukimwambia shida ilikuwa kadi haikusukumwa mpaka mwisho, ukaisukuma kwa kidole, ikalia ti-ti, anakununia. Anaona umemfanya mjinga. Lakini ukigeuza mashine, ukatoa skrubu zote, ukatandaza vyuma mezani, ukapiga brashi, ukapuliza, ukafunga, anashukuru na keshokutwa anakuletea jogoo. Nami nilipenda jogoo. Kwa hiyo nikawa nafungua kila kitu kilichokuja mbele yangu, kizima na kibovu. Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi ya fundi saa, brashi ya kunyolea ndevu, spiriti, na kisoda kimoja cha kuwekea skrubu. Kimoja. Kumbukeni hicho kimoja.

Mradi mmoja wa maji ulikuwa na ofisi hapo hapo mjini. Huyo ndiye alikuwa mteja mkubwa wa tajiri yetu. Tajiri alishatutangazia kwamba atakayempoteza yule mteja atahamia kaunta ya duka letu la mbele kuuza karatasi za kaboni mpaka uzee. Nilikwenda pale kufanya sevisi ya kawaida. Laptopu ya ofisi haikuwa na ugonjwa wowote. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, basi nikaifungua yote, kwa madoido. Nikaipiga brashi, nikaifunga, nikaondoka nimeshiba chai.

Miezi miwili baadaye tajiri akaniita. "Nenda pale mradi wa maji. Kompyuta haiioni kadi ya modemu. Wanatakiwa kutuma taarifa ya robo mwaka Dar kabla ya saa kumi jioni leo."

Nikaenda. Meneja alinipokea mlangoni na funguo za gari mkononi. Alikuwa anakwenda kwenye kikao mkoani. Alikuwa mtu wa kuongea kwa vidole, kimoja kwa kila hoja.

"Fundi, nataka mambo mawili. La kwanza, taarifa yangu iende. La pili, uniandikie sababu ya ubovu, kwenye karatasi, na saini. Huyu dada ndiye aliyechomeka kadi. Kama ameilazimisha, andika amelazimisha. Kama ni vumbi, andika vumbi, maana kufuta vumbi pia ni kazi yake. Nikirudi saa tisa nataka karatasi hiyo mezani. Nina barua inaingoja."

Huyu dada alikuwa Yunisi, katibu muhtasi, mtoto wa kutoka Mungaa, mwembamba, mwenye kuandika kwa vidole kumi bila kutazama. Meneja alipoondoka nikamuuliza hiyo barua ni ya nini.

"Ya kunifukuza kazi," akasema, akiendelea kupanga mafaili.

"Umeiona?"

"Nimeichapa. Unadhani nani mwingine anajua kuchapa humu?"

Nikaanza kumpa pole. Akanikatiza. "Usinihurumie kaka, nitafutie ubovu. Kule Mungaa kuna wadogo zangu wawili wanasoma kwa kazi hii. Mimi kadi nimeichomeka kama siku zote. Tangu robo iliyopita haikuguswa, ilikuwa kabatini kwenye boksi lake. Ila safari hii haikuingia yote. Inabaki nje kidogo."

Hapa, vijana, mteja alikuwa amenipa jibu lote, limekatwa, limewekwa kwenye sahani. Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu: "Dada Yunisi, hilo ni suala la draiva."

Nikachomeka. Kimya. Nikaweka disketi ya draiva. Kimya. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, nikazima hiki, nikawasha kile, kwa uso wa mtu anayejua. Kimya. Nikachukua kadi, nikapeleka ofisi ya jirani kwenye laptopu ya mhasibu, aliyekuwa anaifunga aondoke nayo safari. Ikalia ti-ti bila wasiwasi. Basi kadi ni nzima, na ubovu uko kwenye tundu. Nikarudi nikasema tutafuta mfumo wote tuupandishe upya.

"Utachukua muda gani?"

"Saa nne."

Yunisi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na nusu. "Kaka, huwezi hata kuinama ukatazama?"

Ningekuwa nimeoa mwanamke mwingine ningekasirika. Lakini kwa Mama Joisi nimezoea kuambiwa hivyo kuhusu vitu vyangu vyote vinavyopotea. Nikainama. Kweli, kadi ilikuwa imebaki nje unene wa ukucha. Nikamulika kwa tochi. Vumbi halikuwapo. Pini zilikuwa zimenyooka zote kama askari wa gwaride. Ila kile kibanda cha bati kinachoipokea kadi kilikuwa kimetuna sakafuni, kama godoro lenye jiwe chini yake.

Nikageuza laptopu. Chini kulikuwa na skrubu kumi na moja. Mbili zilipaswa kuwa ndefu, zile za upande wa bawaba. Tisa fupi. Nikatoa ile iliyo chini ya kibanda. Ikazunguka, ikazunguka, ikaendelea kutoka kama haina mwisho. Nikaikamata kati ya vidole: ndefu. Nikatoa moja ya bawaba: fupi.

Tangu nilipoifunga mimi hakuna mtu mwingine aliyeifungua mashine ile. Katika mkoa mzima hakukuwa na bisibisi nyingine ya kuingia kwenye skrubu zile. Nilizichanganya zote ndani ya kisoda kimoja, nikarudisha kwa kukisia, nikanywa chai.

Nikarudisha kila skrubu mahali pake. Nikakisukuma kile kibanda kwa mpini wa brashi kikalala. Nikachomeka kadi, ikazama yote.

Ti-ti.

Yunisi alikuwa ameshika faili. Aliliweka chini taratibu, akakaa, akavuta pumzi ndefu. Akaunganisha waya wa simu, tukasikiliza modemu ikipiga kelele zake za paka aliyebanwa na mlango, na taarifa ya robo mwaka ikaenda Dar. Ilikuwa saa nane.

"Haya," akasema, akavuta taipureta ya ofisi, maana printa ilikuwa imeishiwa wino tangu mwezi uliopita. "Taja sababu, nikuchapie."

Nikawaza karatasi za kaboni. Nikawaza tajiri. Nikawaza kaunta inavyokaa mbali na meza yangu, na wateja wa kaunta wanavyouliza bei wasinunue. Nikajikohoza.

"Andika: Baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kuwa kulikuwa na hitilafu ya kiufundi."

Akachapa. Akangoja.

"Hitilafu hiyo imesababishwa na mazingira."

Vidole vikasimama. "Mazingira gani?"

"Mazingira ya jumla."

"Meneja atasema mazingira ni vumbi. Na vumbi ni mimi. Umemsikia mwenyewe."

Nikatazama dirishani. Upepo wa Singida ulikuwa unapeperusha vumbi kama kawaida yake. Ndilo lililobeba dhambi za mafundi wengi wa mkoa huu, mimi nikiwa wa kwanza kulitwisha. Siku ile halikufaa.

"Andika: skrubu ndefu ilikutwa imefungwa mahali pa fupi."

Akachapa. "Ilifungwa na nani, kaka?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayeuliza tarehe ya kuweka juu ya barua. Nikatambua kwamba alikuwa anajua tangu nilipoikamata ile skrubu kati ya vidole vyangu, na kwamba angeweza kwenda mwenyewe kwa meneja kusema, lakini neno lake lisingekuwa na uzito wowote. Lililotakiwa ni la fundi. Ndiyo maana alikuwa ananingoja, mikono juu ya herufi. Mimi, mtu wa kupenda meza yangu na mchana wangu wa mlenda, nilikuwa nataka kuvinunua hivyo kwa kazi ya binti wa watu.

"Andika," nikasema, "ilifungwa na mimi, wakati wa sevisi iliyopita. Katibu muhtasi alichomeka kadi inavyotakiwa, na ndiye aliyegundua kwamba haiingii yote. Mimi sikumsikiliza."

"Hilo la mwisho niliweke?"

"Liweke."

Akachapa kwa kasi, bila kutazama mashine, akinitazama mimi. Akatoa karatasi, akaisoma, akaniwekea mbele na kalamu.

"Barua yangu ya kufukuzwa nimeichapa mara tatu tangu juzi," akasema. "Kila mara nakosea mahali, meneja anakataa kuweka saini, ananirudishia nichape upya. Hii yako nimeichapa mara moja. Haina kosa hata moja. Weka saini."

Nikaweka.

Meneja alirudi saa tisa. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Akanitazama, akamtazama Yunisi, akainua kidole cha kuhesabia hoja, akakosa hoja ya kukipa.

"Taarifa imekwenda?"

"Imekwenda, Meneja."

"Na ile barua?"

"Ipo, Meneja. Nilikuwa naendelea kuirekebisha."

"Iache," akasema. Halafu kwangu, "Wewe, kamwambie tajiri yako nitampigia simu."

Alimpigia. Nikakaa kaunta na karatasi za kaboni kuanzia kiangazi kile mpaka wakulima walipovuna alizeti. Mama Joisi alisema angalau sasa nauza kitu kisichofungulika. Kijana mwingine akapewa meza yangu, bisibisi yangu, na kile kisoda. Niliomba nimwambie jambo moja tu, kwamba skrubu zinapangwa juu ya karatasi iliyochorwa umbo la mashine, kila moja kwenye alama yake. Alinijibu, "Sawa mzee," kama mnavyonijibu nyie.

Siku moja asubuhi Yunisi akaingia dukani na laptopu ya mradi kwapani. Safari hii ilikuwa kadi ya mtandao, mpya, na mashine ilikuwa imekaa kimya. Tajiri mwenyewe akatoka ofisini kumpokea, akamwonyesha yule kijana mezani, akamsifia vyeti vyake.

"Asante, tajiri," Yunisi akasema. "Lakini nataka yule wa kaunta."

"Yule si ndiye aliyewaharibia?"

"Ndiye. Huyu kijana wako sijui akikosea anaandikaje."

Tajiri akanitazama kwa muda ambao ungetosha kuuza rimu mbili za karatasi. Kisha akanifanyia ishara ya kichwa kuelekea mezani. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikainama nikamulika tundu, nikachomeka kadi ikazama yote, nikasikiliza. Kimya. Nikageuza laptopu na kuchukua bisibisi. Yunisi akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaanza kuhesabu skrubu kwa sauti.